Mshale Kwenye Tatu

Nyagoko, Uyoma
9 Februari 2023

Debra, binti wa ndugu yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko Nyamasaria kwenye vumbi la barabara kuu. Huku tu wazima. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja kilema lakini ananyonya. Ouma jirani bado anakohoa na bado anavuta sigara, na ukimwambia anakuuliza kama wewe ni daktari. Omena, dagaa wa ziwa letu, wameadimika. Kanisa limepata mabati mapya na sasa mvua ikinyesha hatumsikii mchungaji, jambo ambalo wengine wanalipenda.

Usiniulize tena habari ya simu. Mara ya mwisho nilipopiga namba ya mwanangu Griffin, mtu aliipokea. Alikuwa mwanamke mpole, akasema namba ni yake, aliinunua dukani. Nikamwomba radhi, nikazima simu, na iko kabatini mpaka leo. Mimi nilifundisha watoto wa watu kuandika barua miaka mingi, acha nami niziandike. Konda wa basi ni mwanafunzi wangu wa zamani, hawezi kupoteza bahasha yangu.

Sasa sikiliza. Nataka pampu. Wewe ndiye mtu wa pampu katika ukoo huu, na nimesikia duka lenu linaaminika. Nataka kupandisha maji kutoka ufukweni hadi bomani nimwagilie nyanya na sukuma. Tangi nitaliweka pale juu, karibu na kaburi la Griffin, maana ndiko uwanja ulipo. Ouma amenipimia kwa mpira wa maji, hatua kwa hatua, kutoka usawa wa ziwa hadi pale kaburini. Ni mita thelathini. Nitumie iliyo kubwa kuliko zote, ya petroli, ya inchi tatu.

Na utakuja lini? Tangu tulipomzika Griffin hujaliona kaburi lake hata mara moja. Hukuja siku ile, hukuja baadaye. Mimi niliwalea nyinyi wawili kwenye kitanda kimoja.

Shangazi yako,
Mwalimu Beldina

*

Nyamasaria, Kisumu
27 Februari 2023

Waya mpendwa,

Nimeipokea bahasha yako, shangazi, ikiwa na harufu ya omena, kwa hiyo konda wako haipotezi ila anailalia. Mimi ni mzima. Nimehama Migosi, nyumba ilikuwa na kelele. Nimefurahi kusikia ya mapacha. Mwambie Ouma nimesema mimi ndiye daktari.

Pampu nitakutumia, lakini si hiyo unayoitaka. Kila mteja anaingia hapa na neno moja mdomoni, inchi. "Madam, nipee ile ya inchi tatu, ile inatapika maji." Inchi ni upana wa mdomo tu, Waya. Mtu mwenye mdomo mpana anaweza kushindwa kupanda ngazi.

Kila pampu nzuri inakuja na mchoro wake. Nimekunakilia wa yako kwenye karatasi ya pili. Ubavuni kuna urefu wa kupanda, kwa mita. Chini kuna wingi wa maji kwa saa. Ule mstari uliopinda unaoanzia juu kushoto na kushuka kulia ndio tabia ya pampu. Ukiipandisha juu sana inatoa maji kidogo, na ukifika kileleni inanguruma bure bila kutoa tone. Ukiishusha chini inamwaga maji mengi. Haiwezi kukupa vyote viwili, hata ukiilaani.

Shamba lako nalo lina mstari wake. Unaanza kwenye mita thelathini, halafu unapanda kidogo kidogo, kwa sababu maji yanasuguana na bomba yakienda. Mistari hiyo miwili inakutana mahali pamoja, nimepatia nukta nyekundu. Pampu yako itaishi hapo, na mimi nimechagua ya inchi mbili ambayo nukta yake imekaa katikati ya mstari, inapofanya kazi bila kuchoka. Ile ya inchi tatu ingefika bomani inatoa mate.

Jambo la kukumbuka: hii imetengenezwa kwa mlima. Usiitumie kwenye tambarare. Ikikosa mzigo inakimbia hadi mwisho wa mstari, inavuta maji kuliko uwezo wake, injini inachemka na kufa.

Nimeifungia geji, saa ya kupimia msukumo wa maji, kwenye bomba la kutolea. Kila namba moja ni mita kumi za kupanda. Ikiwa inafanya kazi utaona mshale umepita tatu kidogo. Ukiizima, mshale utarudi na kusimama kwenye tatu. Usiogope. Huo ni uzito wa maji yaliyosimama bombani, kutoka pampu hadi kule juu. Mshale hauangalii injini, unaangalia tu maji yaliyo juu yake.

Niandikie mshale unasoma nini na pipa linajaa kwa muda gani. Hayo mawili yananitosha kujua pampu iko wapi.

Kuja, nitaona. Kazi zimenibana.

Wako,
Debra

*

Nyagoko
30 Machi 2023

Debra,

Salamu, mama. Pampu imefika salama, na wanaume wote wa ufukweni wamekuja kuishika kama wanataka kuichumbia. Yule mbuzi kilema ameanza kuruka. Mvua zimechelewa. Mchungaji amehamishwa, na sasa tunasikitika kwamba hatukumsikia.

Barua yako nimeisoma vizuri. Ungekuwa darasani kwangu ningekupa alama tisa, moja nimeikata kwa sababu ya mate.

Pampu inafanya kazi sana. Mshale uko karibu na nusu, haufiki hata moja. Pipa linajaa kabla sijamaliza kufunga leso. Injini inapata moto, inabidi niipumzishe. Maji ni safi, ila ni baridi. Jua likiwa utosini bado ni baridi, mikono inauma. Vyura nao wamenyamaza kabisa upande ule. Mwanzo nilidhani ni kelele ya injini inawatisha, lakini hata nikiizima hawasemi kitu.

Nyanya zitakuwa nzuri.

Shangazi yako,
Beldina

*

Nyamasaria
11 Aprili 2023

Waya,

Nakusalimu kwa heshima zote, na naomba usikasirike.

Nimechukua namba zako mbili nikaziweka kwenye mchoro. Nusu kwenye geji, na pipa linalojaa upesi hivyo. Nukta yako nyekundu imehama. Haiko katikati tena, iko mwisho kabisa kulia, pale nilipokukataza. Pampu yako haipandishi maji mita thelathini. Haipandishi hata kumi. Inayatoa kwenye shimo na kuyamwaga ng'ambo ya ukingo.

Halafu umesema maji ni baridi. Mwezi wa tatu maji ya pembeni mwa ziwa ni vuguvugu kama chai iliyosahauliwa, wewe mwenyewe ulikuwa unatuogeshea hapo. Maji baridi karibu na ufuko wa Nyagoko yako mahali pamoja tu. Ni kwa akina Opondo, kwenye lile shimo walimochimba mchanga, ambalo ziwa lilipofurika lililifunika, na lilipopungua likaliacha limejaa.

Hujaweka tangi, Waya. Hujapanda nyanya. Unalikausha shimo la akina Opondo, na nadhani najua unatafuta nini, ila sitaki kuandika mimi kwanza.

Funga valvu ya kutolea hadi nusu ili injini isife. Unione mjinga, lakini siwezi kukuacha uharibu pampu.

Debra

*

Nyagoko
24 Juni 2023

Nyar owadwa, binti wa ndugu yangu,

Nimekaa kimya muda mrefu. Nilikuwa na hasira, kisha nikawa na aibu, kisha nikawa na kazi. Mbuzi wako wazima. Ouma amelazwa na kuruhusiwa. Sasa tumesalimiana.

Ni kweli. Kama karatasi yenye mstari mmoja inaweza kunivua nguo hivyo, basi nisikilize nikiwa uchi.

Mtumbwi wa Griffin ulipatikana umepinduka juu ya magugu maji, na chini ya yale magugu ndipo shimo la akina Opondo lilipokuwa, limefunikwa na ziwa. Wapiga mbizi walitafuta nje, kwenye maji makuu. Mimi nikawaambia, tafuteni shimoni. Wakasema, "Mama, hiyo shimo iko na matope mob, mtu akiingia hatoki." Basi wakaacha. Wazee wakakaa, wakamtuma Ouma akatafute yago. Alitembea mbali sana, maana huku kwetu hakuna hata mti mmoja wa yago, akarudi na tunda moja refu, zito kama mtoto aliyelala. Hivyo ndivyo tunavyomzika mtu ambaye maji hayakumrudisha. Nililivika jezi ya Griffin, ile ya bluu ya sufu niliyomfumia mwenyewe, tukalilaza kwenye jeneza, tukalilia. Wazee wakasema, sasa yamekwisha, mkishazika yago hamtafuti tena, maana mtu hawi na makaburi mawili.

Nilitii, Debra. Miaka hiyo yote nimetii. Lakini mimi ni mama yake. Nililifungia tunda vifungo. Nataka mwanangu, hata kama ni mifupa tu, nimlaze mahali pake, halafu nife. Sitaki kitu kingine duniani. Ndiyo maana nilikudanganya kuhusu nyanya.

Maji yanapungua. Ukingo umeonekana, halafu ngazi za udongo walizochimba akina Opondo. Lakini kuna kitu sikielewi. Nimefunga valvu nusu kama ulivyosema, na siigusi tena. Mshale ulikuwa unasoma moja. Wiki iliyopita ulifika moja na nusu. Sasa unakaribia mbili, na maji yanayotoka ni kidogo. Shimo lenyewe halizidi kimo cha nyumba.

Na kaburi limetitia upande wa kichwani. Nimejaza udongo mara mbili, na bado linazama.

Unakuja lini?

Beldina

*

Nyamasaria
8 Julai 2023

Waya wangu,

Habari za nyumbani nimezisoma, nashukuru Mungu kwa Ouma. Nimelia dukani mbele ya mteja, akadhani nimeshindwa kumpunguzia bei, akaongeza mwenyewe.

Acha nianze na pampu, maana hiyo naiweza. Mshale ukipanda na maji yakipungua, nukta inarudi kushoto kwenye mstari. Maana yake mzigo umezidi. Ukinipa mbili na maji kidogo, mstari unaniambia pampu inasukuma dhidi ya uzito wa mita ishirini. Shimo la kimo cha nyumba haliwezi kutoa uzito huo. Na hata lingekuwa refu, pampu iliyokaa ukingoni haiwezi kufyonza maji kutoka chini ya mita saba au nane, ingekata tu. Kwa hiyo kuna kitu kimeziba mpira wa kutolea. Matope, magugu, tambara. Zima, ufungue mpira pale unapoungana na geji, usafishe. Hiyo ni kazi ya dakika chache.

La pili ni kaburi. Shimo na kilima chako vimekaa kwenye mchanga uleule, na maji ya chini ya ardhi hayajui mipaka ya akina Opondo. Ukivuta shimoni unavuta pia kutoka chini ya boma. Udongo unakauka na kutitia, na pale ulipochimbwa ndipo unapotitia kwanza. Na kwa sababu ziwa nalo linaingia kwa chini, hutalikausha hilo shimo kamwe. Hakuna pampu duniani yenye mstari wa kulikausha ziwa. Acha, tafadhali. Utaiangusha nyumba.

Sasa lile unaloniuliza katika kila barua. Sikuja kwa sababu sikuweza kulia juu ya tunda. Samahani kukuambia hivyo. Griffin alikuwa analala upande wa ukutani nami upande wa nje, alikuwa ananipiga mateke usiku kucha, namjua kuliko mtu yeyote. Mngeniweka mbele ya kaburi lenye tunda ndani yake nilie nini? Ufuko wa Dunga uko karibu na hapa, na tangu ziwa limchukue sijawahi kwenda hata kula samaki. Hakuna mtu pale kaburini, Waya. Ndiyo maana siji.

Zima hiyo pampu.

Debra wako

*

Nyagoko
2 Septemba 2023

Debra, mwanangu,

Nakusalimu. Wote tu wazima, na leo sina habari za mbuzi.

Nilifungua mpira kama ulivyoniagiza. Kilichoziba nilikitoa kwa kidole. Kulikuwa na nyama ya tunda, ya manjano, ngumu, yenye nyuzi na mbegu, na nyuzi hizo zilikuwa zimejisokota na sufu ya bluu. Niliikunjua juu ya goti langu. Sufu ile niliinunua Kisumu mwenyewe, nikaifuma jioni nyingi, naijua kwa vidole. Tunda lile tulilizika juu kilimani kwa mikono yetu, na huku kwetu hakuna mti wa yago.

Nilikaa pale hadi Ouma akanifuata. Akaniuliza, "Mama Griffin, hii maji unatoa, inatoka wapi?" Nikasema shimoni. Akaangalia shimo, akasema, "Lakini hii shimo haipungui tena. Iko tu pale pale." Kisha akaona nilichoshika. Ndiye aliyelikata tunda lile mtini. Alivua kofia akaondoka, na tangu siku hiyo hapiti njia ile.

Nimetii sasa. Nimezima pampu, nimeuchomoa mpira, nimeukunja na kuuweka stoo. Pampu nimeiacha pale ukingoni, juu ya mawe, imefunikwa bati. Haijaunganishwa na kitu, inachungulia kwa midomo yake miwili. Vyura wamerudi kuimba.

Kaburi nalo limeacha kuzama. Jumapili nilipotoka kanisani nililikuta limeinuka. Tuta limekuwa juu kuliko siku tuliyolijenga, limejaa, na udongo wa juu ni mbichi, na unajua hakuna mvua. Niliweka kiganja. Ni baridi, ile baridi ya maji ya shimo.

Siku iliyofuata nikateremka kuiangalia pampu. Nikainua bati. Mshale haukurudi kwenye sifuri. Umesimama kwenye tatu. Niligonga kioo, nikasubiri, nikagonga tena. Ni tatu kamili.

Basi nikaifungua geji kwa spana, nikidhani imekufa. Ilipolegea tu ilitoa pumzi, na maji yakaruka yakaniosha uso, kutoka kwenye pampu iliyokauka muda wote huo. Nakutumia hiyo geji ndani ya kitambaa, konda ameapa hatailalia. Ipime. Wewe ni mtu wa pampu. Niambie imeharibika, mwanangu. Au niambie haijaharibika. Sijui naomba lipi.

Sijamwambia mtu mwingine. Jembe limeegemea ukuta wa jikoni na kila asubuhi naliangalia.

Mama yenu,
Beldina

*

Nyamasaria
9 Septemba 2023

Waya mpendwa,

Salamu zitakuwa fupi.

Geji imefika. Nilipoifungua kitambaani mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri, na moyo wangu ukatulia. Nikasema imegonga mahali, imevurugika, nitamwandikia Waya tucheke. Nikaifunga kwenye mashine ya kupimia pamoja na geji mpya ya dukani. Kwenye moja zote zilisoma moja. Kwenye mbili zote mbili. Nilipofika kwenye tatu, zote zilisoma tatu. Nilirudia hadi mwenye duka akaniuliza kama ninaumwa. Haijaharibika, Waya. Nilitamani sana iwe imeharibika.

Unakumbuka nilichokuandikia mwanzoni. Pampu ikiwa imezimwa, mshale hauangalii injini, unaangalia tu maji yaliyo juu yake. Tatu ni mita thelathini. Bomba la kupanda kilimani hukuweka, na mpira umeukunja stoo. Lakini kuna maji yamesimama kutoka pale shimoni hadi juu, na mahali yanapokomea mlipapima wewe na Ouma mwezi wa pili, hatua kwa hatua. Ulisema ni mita thelathini hadi kaburini.

Nimeweka namba hizo kwenye mchoro kila namna ninayoijua. Nimetafuta kosa, na mimi hulipwa kutafuta makosa. Jibu linakuja lilelile. Tunda limeshuka, na kitu kingine kimepanda.

Rudisha jembe stoo. Usilifukue kaburi, usiongeze udongo, usiwaite wazee. Hukumtafutia Griffin kaburi la pili, amekuja kwenye lake. Mpelekee blanketi lake la zamani umtandikie pale juu, maana umesema ni baridi.

Uliniuliza nitakuja lini. Jumamosi ijayo nitafika na basi la asubuhi. Niwekee kiti pale uwanjani karibu na tuta, upande wa nje, yeye alikuwa analala ukutani. Nina machozi ya miaka yote hiyo, Waya, na sasa kuna mtu wa kumlilia.

Mtoto wako,
Debra